Kitu cha Kale na Mahali Pake

Kila mtu apataye nafasi baada ya kazi huitumia kwa jambo analolipenda. Wako wanaopenda mpira, wako wanaopenda ngoma, na wako wavuvi wa ndoana ambao hushinda juu ya mwamba kutwa nzima, wakarudi nyumbani na kikapu kitupu, wala wasijute. Mimi napenda kutembea nikitazama chini. Ninachotafuta si changu, wala hakikuanguka jana. Natafuta dalili za watu waliopita kabla yetu: kigae cha chungu, punje ya ushanga, jiwe lililochongwa kwa mkono wa binadamu.

Huenda msomaji akadhani kwamba burudani hii ni ya wazee peke yao, au ya wageni wenye fedha nyingi na vyombo vya thamani. Sivyo hata kidogo. Haina ada, wala haihitaji uwanja. Inataka miguu, macho, daftari, kalamu na subira. Katika hayo matano, la mwisho ndilo lililo adimu. Na yeyote aliye na hayo matano hapa Kenya ana bahati kubwa, kwa maana ziko nchi chache duniani ambazo ardhi yake imehifadhi habari za binadamu kwa muda mrefu kama yetu.

Tazama mfano wa mtoto mmoja. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903. Alipokuwa angali mvulana alisoma kitabu kilichosimulia maisha ya watu wa zama za mawe huko Uingereza, na tangu siku hiyo akaanza kuokota mawe meusi yang'aayo kama chupa, ambayo mvua iliyafunua karibu na kwao. Wakikuyu waliyafahamu mawe hayo zamani, wakayaita nyembe za mizimu. Mvulana yule aliyapeleka mawe yake kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, naye akamthibitishia kwamba baadhi yake yalikuwa zana za kweli. Kutokana na mchezo ule wa mtoto ilitoka kazi ya maisha yake yote.

Tazama tena mfano wa mtu mzima. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na jicho ambalo wataalamu wa dunia nzima walilistahi. Mwaka 1984 alikuwa na wenzake Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Siku ya mapumziko, watu wengine wakijinyoosha kambini, yeye alitoka kutembea. Katikati ya changarawe nyeusi aliona kipande kidogo cha mfupa, nacho kilikuwa na rangi karibu sawa na changarawe yenyewe. Kilikuwa kipande cha fuvu. Wenzake walipofika, wakachimbua na kuchekecha udongo wa mahali pale, ikapatikana mifupa ya kijana aliyekufa yapata miaka 1,500,000 iliyopita, nayo ni miongoni mwa mifupa ya watu wa kale iliyokamilika kuliko yote iliyopata kuonekana. Angalia vema alilofanya Kamoya. Hakukitia kile kipande mfukoni akakifanya pambo la nyumba yake. Aliwaonyesha wenzake mahali pake. Kama angelichukua kipande na kusahau mahali, kijana yule angekuwa amelala huko mpaka leo, bila mtu kujua.

Sasa nikueleze namna ya kutazama. Usiende adhuhuri, kwa maana jua la utosini hufuta vivuli, na bila kivuli kitu kidogo hakionekani. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Mvua kubwa ikisha kunyesha, nenda siku ya pili yake, kwa sababu maji huosha udongo na kuacha mawe na vigae vikiwa safi kama vyombo vilivyotoka kuoshwa. Tafuta mahali ambapo ardhi imejifunua yenyewe: kingo za mito, makorongo, njia za ng'ombe, shamba lililolimwa ambalo mwenyewe amekupa ruhusa kuingia, na ufuko baada ya bahari kuchafuka. Makaburi na misitu ya ibada za wenyeji uyapitie mbali, isipokuwa wenyewe wamekukaribisha. Tembea polepole. Ukiona jiwe, jiulize maswali matatu. Je, ni la aina ya mawe ya hapa, au limetoka mbali? Je, limevunjika ovyo, au limebanduliwa vipande kwa mpango mpaka likapata makali? Je, liko peke yake, au yako mengine ya namna yake? Mawe meusi yang'aayo hutokana na volkano, kama zile za Bonde la Ufa upande wa Naivasha. Ukiliona moja mahali pasipokuwa na volkano, fahamu kwamba jiwe halina miguu. Mtu alilibeba.

Kigae nacho kina lugha yake. Kipande cha tumbo la chungu husema machache. Kipande cha mdomo husema mengi, kwa kuwa kutokana na mviringo wake mtaalamu aweza kukadiria upana wa chungu kizima. Katika pwani ya Kenya na Tanzania huonekana vigae vilivyochorwa pembetatu kuzunguka shingo. Hivyo ni kazi ya wafinyanzi walioishi baina ya karne ya 7 na ya 10, kabla nyumba nyingi za mawe hazijasimama katika pwani hii. Jina la mfinyanzi halijulikani, lakini mstari aliouchora kwa kijiti katika udongo mbichi ungalipo, na pale mkono wake ulipoteleza pangali panaonekana.

Mpaka hapa msomaji atakuwa ameona utamu wa jambo hili. Lakini kila tamu ina hatari yake, na hatari ya burudani hii imo katika mkono. Jicho likisha kuona, mkono hutaka kuchukua. Ndipo mtu huanza kujaza sanduku: mawe hapa, shanga pale, vigae kule. Miaka ikipita, sanduku hujaa na mwenyewe husahau kila kitu kilitoka wapi. Sanduku hilo lina vitu vingi, wala halina habari hata moja. Ni kama kitabu kilichochanwa kurasa, kurasa zikachanganywa, na tarakimu zake zikafutwa.

Ili uone ukweli wa maneno haya, twende Gede, karibu na Malindi. Gede ulikuwa mji wa Waswahili, wenye nyumba za mawe, misikiti, visima na jumba la mtawala. Liko kaburi huko lenye mwaka wa Kiislamu 802, yaani mwaka 1399. Katika karne ya 17 watu walikuwa wameuhama mji, na msitu ukaufunika. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 akaendelea kwa miaka kumi, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wenye nyumba wale walikwisha kufa zamani, na majina yao hayakuandikwa popote. Basi nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Kauri. Fikiri, msomaji. Kama mpita njia angeliuona ule mkasi kabla, akauchukua kwenda kuuonyesha jamaa zake, mkasi ungekuwa chuma chenye kutu tu, na nyumba ingekuwa kuta tupu. Kila kimoja kimempa mwenziwe maana.

Kwa hiyo nasema kwamba mahali ni nusu ya kitu. Ukiniuliza ushahidi mwingine, nitakupa sarafu mbili. Katika China, sarafu za shaba zilizotolewa katika enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu mwaka 1402 hata 1424, si ajabu. Lakini mwaka 2013 ilipatikana moja katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na habari yake ikaenea duniani, kwa kuwa ilikuwa shahidi wa biashara ya bahari baina ya nchi mbili zilizo mbali mno. Geuza sasa safari. Sarafu ya masultani wa Kilwa ikionekana Kilwa, haisemi neno jipya. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika ufuko wa kisiwa kilichoko kaskazini mwa nchi hiyo, maelfu ya maili kutoka Kilwa. Sarafu hizo zimewafanya wataalamu wabishane mpaka leo juu ya njia iliyozifikisha huko. Sarafu ni zilezile zilizofuliwa Kilwa. Lililozigeuza kuwa fumbo kubwa ni mahali zilipolala.

Katika nchi nyingine watu hufanya burudani hii kwa mashine ya kutambua metali iliyofichika ardhini. Mwezi wa Novemba mwaka 1992, huko Hoxne, Uingereza, mzee Eric Lawes alikwenda na mashine yake kutafuta nyundo iliyompotea rafiki yake shambani. Badala ya nyundo, mashine ilimwonyesha fedha na dhahabu za zama za Warumi. Alitoa baadhi, kisha akafanya jambo lililo gumu kwa mtu aliyesimama juu ya dhahabu: alisimamisha jembe lake, akaenda kutoa habari. Wataalamu walifika, wakachimbua kwa utaratibu, wakakuta sarafu zaidi ya 14,000 pamoja na mapambo na vijiko, na wakaweza kutambua jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo lenyewe lilikuwa karibu kuoza lote. Sheria za nchi ile humpa mgunduzi malipo, naye alipewa, akagawana na mkulima wa shamba lile. Lakini hazina ile husifiwa hasa kwa sababu ilikutwa katika mpango wake. Hata nyundo ilipatikana, nayo imewekwa makumbusho London.

Sheria yetu hufuata njia yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yasema kwamba mtu akigundua kitu cha kale humpasa kutoa habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, ataje mahali hasa na jinsi kilivyoonekana. Kuchimba bila leseni kumekatazwa. Angalia kwamba sheria yenyewe haikuulizi kitu peke yake. Inakuuliza mahali.

Nakumbuka siku moja nilipokwenda na wanafunzi wachache katika magofu ya kijiji kimoja cha pwani, mahali pasipo na mlinzi wala ubao. Palikuwa na kaburi la mnara, na katika mnara palikuwa na matundu manne ya mviringo. Zamani katika kila tundu lilijengewa bakuli la kaure ya China, kama ulivyokuwa mtindo wa pwani hii. Mabakuli yote manne yalikuwa yamekwisha kung'olewa kwa tindo, na chokaa ilikuwa imechubuka pembeni. Tulitazama matundu yale kama mtu atazamavyo kinywa kisicho na meno. Aliyeng'oa hakupata bakuli zima, kwa maana vipande vidogo vya kaure vilikuwa vimetapakaa chini. Alivunja alichokuja kukiiba.

Baadaye kidogo, msichana mmoja aliona punje ya ushanga wa buluu chini ya kona ya ukuta. Nikamwambia asiuondoe. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Mvua ya kesho itauzoa ushanga huu, au mtu mwingine atauokota. Kuuacha kuna faida gani?"

Mwenzake akaongeza, "Na hao waliong'oa mabakuli hawakuuliza mtu. Sisi tunaojali ndio tunaondoka mikono mitupu."

Hayo hayakuwa maneno ya watoto watundu. Yalikuwa na haki ndani yake, na kila atakayeifanya burudani hii itampasa kuyajibu. Niliwaambia hivi: "Wanangu, kweli mvua yaweza kuuchukua. Lakini mkiuchukua ninyi, utakwenda na habari yake. Tuanze na habari." Basi tukapima hatua kutoka kona ya ukuta mpaka penye ushanga, na kutoka penye ushanga mpaka kaburini. Msichana akachora ukuta katika daftari, akatia alama, akaandika siku na saa. Tukaweka sarafu ya shilingi kando ya ushanga ili ukubwa wake ujulikane, tukapiga picha kwa simu. Siku ya tatu habari zikapelekwa Makumbusho.

Mvua ikanyesha, kama alivyosema. Tuliporudi, ushanga haukuwapo. Msichana hakusema neno, nami sikumtuliza kwa maneno matamu. Ila mtaalamu alipofika baada ya muda, hakuwa na ramani nyingine ya mahali pale ila ukurasa wa daftari lile. Kwa ukurasa huo alihesabu hatua mpaka kona ya ukuta, akapiga magoti, akakuta katika udongo uliokatwa na maji mstari wa majivu na vigae, dalili kwamba hapo palikuwa na makazi kabla ya ukuta kujengwa. Aliunakili ukurasa mzima, na jina la msichana akaliandika chini yake. Ushanga mmoja ulipotea, lakini ulikuwa umekwisha kutoa ushahidi wake. Yale mabakuli manne yako mahali fulani, pengine katika kabati la kioo, yakisifiwa uzuri, wala hakuna awezaye kusema ni ya kaburi la nani.

Wako watakaosema kwamba kitu kimoja ni kidogo, na ardhi ni kubwa. Hao nawaomba waende Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi. Huko mashoka ya mkono ya mawe, mengi mno kuhesabika kwa jicho, yamelala juu ya ardhi pale yalipokutwa, na daraja la mbao limejengwa juu yake ili wageni wapite bila kuyakanyaga. Mahali hapo pamewekwa wazi kwa watu tangu miaka ya 1940. Wageni waliopita tangu wakati huo ni wengi. Kama kila mmoja angelisema kwamba jiwe moja ni dogo, leo daraja lingekuwa linapita juu ya mchanga mtupu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukikausha vilevile.

Nimeulizwa pia kama si afadhali maskini auze alichookota, apate unga. Sidharau swali hilo, kwa maana njaa haina adabu. Lakini chunguza biashara yenyewe. Mnunuzi hulipa kidogo kijijini, akauza kwa nyingi ng'ambo, na kijiji hubaki bila kitu cha kuonyesha wala kusimulia. Mahali palipohifadhiwa huleta wageni mwaka hata mwaka, na wageni huhitaji viongozi, chakula na malazi. Bakuli huuzwa mara moja.

Basi, msomaji, ukipenda kuijaribu burudani hii, iwe na kanuni chache. Omba ruhusa kabla ya kuingia katika ardhi ya mtu. Usichimbe. Usigeuze jiwe ambalo huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Ukiona kitu, simama, kitazame kwa muda, kisha andika: mahali, siku, namna kilivyolala, na vitu vilivyo jirani nacho. Piga picha ukiweza. Wape habari wanaopaswa kupewa, kabla siku 7 hazijapita. Kisha endelea na safari yako.

Utarudi nyumbani na vumbi miguuni na kurasa mbili tatu zilizoandikwa. Hiyo ni faida ya kutosha, kwa kuwa utajiri wa mambo ya kale ni elimu, na elimu ndiyo mali pekee ambayo mtu aweza kuichukua yote bila kumpunguzia atakayekuja nyuma yake. Watu waliofinyanga vile vyungu na kuchonga yale mawe hawakutuachia barua. Walituachia vitu, kila kimoja pale kilipoanguka. Anayekiacha kitu mahali pake baada ya kukisoma amewapa wale waliotangulia nafasi ya kusema tena na wale watakaofuata.